Ikoni Nansio, Seva Dodoma: Jinsi Programu Inavyochapishwa kwa Watumiaji wa Mbali

Programu iliyochapishwa ni programu inayofanya kazi kwenye seva iliyo mbali, huku mtumiaji akiiona na kuitumia kwenye kompyuta yake kana kwamba imesakinishwa papo hapo. Anachopewa ni njia ya mkato tu: ikoni moja kwenye eneokazi au kwenye menyu, yenye jina na picha anayoifahamu. Akiibofya, kompyuta yake haianzishi programu yenyewe. Inabisha hodi kwenye seva, inajitambulisha, na seva ndiyo inayofungua programu kwa niaba yake. Kuanzia hapo vinavyosafiri mtandaoni ni vitu viwili: picha ya dirisha la programu inayokuja kwa mtumiaji, na herufi anazopiga pamoja na mwendo wa kipanya vinavyokwenda kwenye seva. Hesabu na hifadhidata hazitoki zilipo. Kazi ya kuamua programu ipi ionekane kwa nani, kisha kuifikisha ikoni hiyo hadi kwenye kioo cha mhusika, ndiyo kuchapisha.

Mwambao wa Ziwa Victoria unaonyesha vizuri kwa nini kazi hiyo ina maana. Mkoa wa Mwanza una halmashauri nane: Jiji la Mwanza, Manispaa ya Ilemela, Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Ukerewe ni visiwa. Kutoka bandari ya Mwanza hadi Nansio ni safari ya meli ya saa kadhaa, na anayezungukia Bunda bado atavuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi. Sengerema na Buchosa ziko ng'ambo ya ghuba. Mpaka Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa takriban kilomita 3, magari yalipanga foleni kusubiri kivuko. Programu ikisakinishwa kwenye kila kompyuta ya kila idara, kila toleo jipya linamtaka fundi avuke maji akiwa na diski au flashi yake, apite meza hadi meza. Asipofika kote, ofisi moja inabaki na toleo la mwaka jana, jirani yake ana la mwaka huu, na taarifa za mkoa zinagoma kulingana. Programu ikikaa kwenye seva, sasisho linafanyika mara moja, sehemu moja, na asubuhi yake wa Nansio na wa Kwimba wanafungua kitu kilekile.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kampuni ya Citrix, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na Ed Iacobucci, mhandisi aliyetoka IBM, ilitoa bidhaa yake ya WinFrame mwaka 1995. WinFrame iliiwezesha seva moja ya Windows kuwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja na kikao chake. Microsoft ilinunua haki ya kutumia ujuzi huo na mwaka 1998 ikatoa toleo maalumu la Windows NT 4.0 kwa kazi hiyohiyo. Katika toleo hilo mtumiaji alipata eneokazi zima la seva ndani ya dirisha: menyu mbili, saa mbili, vitufe viwili vya kuzimia. Wengi walichanganyikiwa wasijue wako kwenye kompyuta ipi. Citrix ilikuwa imekwisha kuanza kutoa programu mojamoja bila eneokazi, na Microsoft iliifuata kwa kutia kipengele cha RemoteApp kwenye Windows Server 2008. Hapo ndipo njia ya mkato iliyo mezani kwa mtumiaji ikawa mlango wa kawaida wa kuingilia kwenye seva.

Kwa Mwanza, hata hivyo, seva haikuwa kikwazo kikubwa. Kikwazo kilikuwa njia. Kabla ya mikongo ya baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, mawasiliano mengi ya mbali yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, na jibu hupanda na kushuka: zaidi ya kilomita 143,000 kwa kila herufi, yaani karibu nusu sekunde hata mawimbi yakienda kwa kasi ya mwanga. Mtu anayejaza fomu kwa mwendo huo hupiga tarakimu, haioni, huipiga tena, kisha zote mbili hutokea kwa pamoja. Hakuna mhasibu atakayeiamini programu ya namna hiyo.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ulipoifikia mikoa, hesabu ilibadilika kabisa. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kati ya Mwanza na Dodoma kuna karibu kilomita 700 za barabara. Kwenda na kurudi kwa umbali huo ni milisekunde 7 hivi. Vifaa vya njiani na mizunguko ya mkongo huongeza, lakini hata ikiwa mara nne ya hapo vidole havihisi. Wala upana wa njia unaohitajika si mkubwa: kikao cha kuandika na kujaza fomu hutumia makumi ya kilobiti kwa sekunde, kiasi ambacho hata modemu ya simu hukimudu. Picha kubwa na video ndizo zinazokula njia.

Halmashauri za Tanzania zilikwisha kuishi na mpangilio wa programu kukaa kati. Mfumo wa usimamizi wa fedha wa Epicor ulianza kwa kila halmashauri kuwa na seva yake. Toleo la 9.05, lililosambazwa kuanzia mwaka 2012, likahamishia seva Dodoma chini ya TAMISEMI, na wahasibu wa halmashauri wakawa wanaufikia kwa mtandao. Mabadiliko hayo yaliondoa kazi kubwa ya kutunza seva katika kila wilaya. Papo hapo yaliifanya laini ya mtandao kuwa sehemu ya kazi ya uhasibu: laini ikikatika, malipo yanasimama.

Kuchapisha kunaanzia kwenye seva zenyewe. Seva moja hubeba vikao makumi machache kulingana na kumbukumbu yake na uzito wa programu, kwa hiyo penye watumiaji mamia huwekwa kundi la seva zinazofanana. Neno la kushikilia ni kufanana. Tuseme kundi lina seva nne na programu ya stoo imesakinishwa kwenye zote, lakini kwenye seva ya tatu fundi aliiweka kwenye diski ya D badala ya C. Njia ya mkato iliyochapishwa inabeba anwani moja tu ya faili la kuanzishia. Mtumiaji akipelekwa kwenye seva ya kwanza, ya pili au ya nne, programu inafunguka. Akipelekwa ya tatu, anapata ujumbe kwamba faili halipo. Kwa kuwa mfumo humpeleka kila mtu kwenye seva yenye nafasi, malalamiko yanafika kwa fundi yakiwa hivi: jana ilifunguka, leo imekataa, baada ya chai imefunguka tena. Fundi asiyejua jambo hili ataisakinisha upya kompyuta ya mlalamikaji, ambayo haina kosa lolote. Anayejua ataanza kwa kuangalia kikao kilichokataa kiliangukia seva ipi.

Seva zikishalingana, msimamizi hutaja programu anazotaka kuchapisha. Kwa kila moja anajaza jina litakaloonekana, ikoni, mahali faili lilipo kwenye seva, folda ya kuanzia kazi, na vigezo vya ziada kama vipo. Jina linastahili kufikiriwa. Mtumiaji aliyezoea kuona «Stoo ya Dawa» hatajua la kufanya na ikoni iliyoandikwa herufi za mkato za kampuni iliyotengeneza programu, pamoja na namba ya toleo. Kisha huja swali zito kuliko yote: nani aione?

Jibu baya, ingawa ndilo la haraka, ni kuwapa wote. Jibu la pili kwa ubaya ni kuwaandika watu mmojammoja kwa majina. Utaratibu unaodumu ni kuchapisha kwa vikundi vinavyofuata kazi: wahasibu, wafamasia, maofisa utumishi, mapokezi. Mtu akiajiriwa anaingizwa kwenye kikundi, na ikoni zote za kazi yake zinakuja zenyewe. Akihama anatolewa, nazo zinaondoka. Utumishi wa umma nchini una uhamisho mwingi, na hapa ndipo orodha nyingi huharibika. Mhasibu akihamishwa kutoka Magu kwenda Kwimba, Kwimba wanamwongeza siku anaporipoti kwa sababu anahitaji kufanya kazi. Magu hakuna anayekumbuka kumtoa, kwa sababu hakuna kinachomsumbua mtu. Baada ya vituo vitatu mtumishi huyo ana ikoni za ofisi tatu, na akipoteza nenosiri lake, aliyeliokota anazo zote tatu. Barua ya uhamisho inapaswa kufika kwa msimamizi wa mfumo kama inavyofika kwa ofisa utumishi, tena kwa pande zote mbili, anakotoka na anakokwenda.

Kuifikisha njia ya mkato mezani kwa mtumiaji kuna namna tatu, na zote bado zinatumika. Ya kwanza ni faili: msimamizi anatengeneza faili dogo lenye anwani ya seva na jina la programu, analituma kwa barua pepe au analiweka kwenye folda ya pamoja, na mtumiaji analiweka kwenye eneokazi lake. Ni rahisi, ila anwani ya seva ikibadilika mafaili yote yaliyosambaa yanakufa kwa siku moja, na hakuna njia ya kuyakusanya. Ya pili ni ukurasa wa ndani wa ofisi: mtumiaji anaingia kwa jina na nenosiri, anakuta ikoni zake tu, anabofya. Inafaa kwa anayebadilisha kompyuta mara kwa mara.

Ya tatu ndiyo bora kwa ofisi iliyotulia: kompyuta inajiandikisha kwa seva kupitia anwani maalumu, na seva inaipelekea orodha ya programu za mtumiaji huyo. Windows huziingiza ikoni kwenye menyu ya Anza na huirudia seva kila siku kuuliza kama kuna mabadiliko. Upande wa Citrix, programu ya Workspace, ambayo zamani iliitwa Receiver, inaweza pia kuziweka kwenye eneokazi. Penye seva kuu ya kusimamia kompyuta za ofisi, anwani hiyo husukumwa kwa sera ya pamoja, mtumiaji asiguse kitu. Tahadhari moja tu: kwa sababu Windows huuliza mara moja kwa siku, programu iliyochapishwa saa nne asubuhi huenda isionekane mpaka kesho yake, isipokuwa mtumiaji aamuru orodha isasishwe. Simu nyingi za «mbona siioni» zinatokana na hilo.

Ikoni ikibofywa, ombi hufika kwanza kwa dalali wa miunganisho, seva ambayo kazi yake ni kujua nani yuko wapi. Dalali huangalia mambo mawili. Je, mtu huyu ana kikao kilicho wazi tayari? Kama anacho, programu ya pili hufunguliwa ndani ya kikao hichohicho, bila kuomba nenosiri tena. Kama hana, hupelekwa kwenye seva yenye mzigo mdogo.

Faida kubwa ya dalali inaonekana umeme unapokatika, jambo ambalo kanda ya ziwa inalijua vizuri. Kompyuta ya mezani inazimika, lakini kikao kilicho kwenye seva hakifi. Kinabaki kimetengana tu na mwenyewe. Umeme ukirudi, mtumiaji anabofya ikoni ileile, dalali anamtafutia kikao chake, na fomu aliyokuwa amefika katikati inatokea ikiwa na tarakimu ya mwisho aliyoandika. Kwenye programu iliyosakinishwa mezani, kazi hiyo ingepotea. Upande wa pili, kikao kilichoachwa huendelea kushika kumbukumbu ya seva, pengine na rekodi ambayo wengine wanaisubiri, kwa hiyo msimamizi huweka ukomo: kikao kilichotengana kwa saa mbili, kwa mfano, kifungwe. Ukomo mfupi mno humwadhibu aliyekatikiwa na umeme. Mrefu mno huijaza seva vikao visivyo na watu.

Mafaili na printa ndivyo vinavyowasumbua watumiaji kuliko kitu kingine. Programu iko kwenye seva, basi mtu akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, folda anayoiona kwanza ni ya seva. Anahifadhi ripoti, anafunga, kesho anaangukia seva nyingine ya kundi na ripoti haionekani. Haikupotea, iko kwenye diski ya seva ya jana. Suluhisho ni kuelekeza nyaraka za kila mtumiaji kwenye hifadhi moja inayofikiwa na seva zote. Tangu Windows Server 2012 kuna namna ya kumpa kila mtumiaji diski yake ndogo inayomfuata kikao kinapofunguka. Diski ya kompyuta ya mezani nayo inaweza kuonekana ndani ya programu, lakini kila msimamizi makini hupima kwanza, kwa sababu mlango unaotoa ripoti nje ndio unaoingiza virusi ndani.

Printa zina historia ndefu ya maumivu. Kila aina ya printa iliyokuwa Nansio, Magu au Misungwi ilihitaji draiva yake kwenye seva, na draiva moja mbovu iliweza kuangusha huduma ya uchapaji kwa watu wote. Windows Server 2008 ilileta draiva moja ya jumla: seva inatengeneza ukurasa, inautuma kwa kompyuta ya mtumiaji, na kompyuta hiyo ndiyo inayozungumza na printa iliyo pembeni yake. Hati ya malipo inatoka pale inapotakiwa kusainiwa.

Leseni hazipaswi kuachwa mwisho. Mbali na leseni ya seva yenyewe, Microsoft hudai leseni ya kufikia huduma hii kwa kila mtumiaji au kwa kila kifaa. Mapokezi ya hospitali ambako watu watatu wa zamu tofauti hukalia kompyuta moja yanafaa kuhesabiwa kwa kifaa. Ofisa mmoja mwenye kompyuta ya ofisini, ya mkononi na simu anafaa kuhesabiwa kwa mtumiaji. Mfumo mpya hupewa siku 120 za kufanya kazi kabla ya leseni kuwekwa. Zikiisha, miunganisho inakataliwa, na ofisi iliyosahau huamka asubuhi ikoni zote zipo na hakuna hata moja inayofunguka.

Kuhusu usalama, kuficha ikoni si kunyima ruhusa. Mtu asiyeoneshwa programu bado anaweza kuifikia kama seva inamruhusu kusoma faili lake. Dirisha dogo la kuhifadhi faili linatosha kumtembeza mtumiaji kwenye folda za seva ambazo hakuna aliyekusudia azione. Ruhusa za kweli ziwekwe kwenye mafaili na kwenye hifadhidata; uchapishaji hupanga tu kinachoonekana. Kosa la pili ni kuiacha seva wazi moja kwa moja kwenye intaneti. Mei 2019 Microsoft ilitangaza udhaifu uliokuja kuitwa BlueKeep, uliomwezesha mvamizi kuingia kwenye kompyuta za Windows za zamani kupitia huduma hii bila hata nenosiri. Ulikuwa mzito kiasi kwamba kampuni ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, iliyokuwa imeachwa tangu 2014. Aliye nje ya ofisi anapaswa kupitia seva ya lango, inayosimba mawasiliano na kumdai uthibitisho wa pili kwenye simu kabla hajaiona ikoni yoyote. Ofisi zenye taarifa za wagonjwa au watumishi zina wajibu wa kisheria pia, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mifumo mipya ya serikali imeelekea upande wa kivinjari. PlanRep ya halmashauri ilihamia kwenye wavuti mwaka 2017, na mfumo wa malipo wa MUSE nao umejengwa kwa wavuti. Kwa hiyo mtumiaji anahitaji anwani, nenosiri na kivinjari tu. Kuchapisha kunabaki kwa programu zilizoandikwa kwa Windows ambazo hakuna aliye tayari kuziandika upya: za maabara, za michoro ya uhandisi, za takwimu za utafiti, na mifumo ya uhasibu iliyostaafishwa ambayo wakaguzi bado wanahitaji kuisoma. Hizo nazo zimepata njia ya kivinjari, kwani tangu 2018 Microsoft ina namna ya kuifungua programu iliyochapishwa ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote mezani.

Taasisi inayoanza leo inaweza pia kukodi seva badala ya kuzinunua. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, na huduma yake ya sasa ya kuchapisha programu kutoka kwenye wingu ikaanza mwaka huohuo. Kukodi kunaondoa gharama ya vyumba baridi na majenereta, lakini kunairudisha njia ndefu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi kwa intaneti kuzorota. Ikoni ya Nansio inayoelekea Johannesburg hutegemea njia za aina hiyo. Inayoelekea Dodoma hupita kwenye mkongo wa ndani ya nchi. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, taasisi ya Mwanza inafaa kupima kwa siku kadhaa, mchana na usiku, muda unaotumika kwenda na kurudi hadi kwenye seva inayokusudiwa, na kuandika kwenye mkataba huohuo kazi itafanyika kwa njia gani laini ya nje itakapokatika.